Chumvi nusu kilo imeisha siku 9, nani kaila?

Mimi kazi yangu ni kuhesabu. Ni mtunza stoo kwenye duka la vifaa vya ujenzi huku Buguruni, mwaka wa kumi na moja huu, misumari naijua kwa kilo, nondo kwa milimita, na mfuko wa saruji ukipungua lazima niulize umeenda wapi. Kwa hiyo siku nesi aliponifunga ile mashine mkononi akaniambia 168 kwa 104, mi sikusikia "una presha", nilisikia namba mbili ambazo haziendani na leja. Nikamwambia dada pima tena. Akapima, 164 kwa 102. Nikampa mkono mwingine. Akacheka kidogo akasema dada yangu hii siyo mizani ya duka.

Na wala sikwenda kupima. Nilimsindikiza shoga yangu, yeye ndo alikuwa analalamika kichwa wiki nzima, mimi nikakaa kwenye kiti kwa sababu tu foleni haikuwepo. Miaka 44, sinywi pombe, sivuti, kichwa hakiniumi, kizunguzungu sina. Yeye mwenye kichwa alikutwa 118 kwa 76 akaambiwa akanywe maji alale. Presha haipigi hodi jamani, hilo nilikuwa nalisikia tu kwenye redio. Nikarudi mara mbili siku tofauti, maana kipimo cha siku moja hakitoshi kumwita mtu mgonjwa, zote zikawa juu ya 140 kwa 90 ambao ndo mpaka wenyewe, nikaandikiwa amlodipine kidonge kimoja kila siku na nikapewa karatasi ya chakula.

Karatasi yenyewe ukurasa mmoja, fotokopi ya fotokopi, maandishi yamepauka. Punguza chumvi. Punguza mafuta. Kula matunda na mboga za majani kwa wingi. Fanya mazoezi. Punguza uzito. Epuka mawazo. (Hiyo ya mawazo wangeandika na ada ya shule atalipa nani.) Nikaibandika kwenye friji, nikawa naiangalia kila nikifungua mlango, naiona kama oda isiyo na idadi. Punguza chumvi, sawa, kutoka ngapi mpaka ngapi? Ukiniletea karatasi dukani imeandikwa "toa misumari" nitakuuliza kilo ngapi na ya inchi ngapi.

Basi nikatafuta idadi. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima abaki chini ya gramu 5 za chumvi kwa siku, hiyo ni kama kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa, na ni chumvi yote ya siku nzima, ya kwenye mkate, ya kwenye mchuzi, ya mihogo ya kukaanga ya pale kituoni, yote humo humo. Nikasema haya, tupige hesabu ya stoo. Nikanunua pakiti mpya ya nusu kilo, nikachukua maka peni nikaandika tarehe kwenye pakiti, 2 Aprili, nikairudisha kabatini bila kumwambia mtu. Nyumbani tuko sita, mimi, baba watoto, watoto watatu na binti anayenisaidia kazi. Tarehe 11 binti ananiambia mama chumvi imeisha.

Siku 9! Gramu 500 gawa kwa siku 9 ni 55 na kitu, gawa kwa watu sita unapata gramu 9 na ushee kila mtu kila siku, na mdogo wetu ana miaka sita tu, hawezi kuwa anakula sawa na baba yake, kwa hiyo wakubwa tuko juu zaidi ya hapo. Ni kweli nyingine inamwagwa na maji ya kuchemshia viazi, nimeitoa hiyo. Lakini bado sijaweka mkate, sijaweka chakula cha mchana ambacho mimi na baba watoto tunakula kazini. Nikakaa chini kabisa.

Na kilichonishangaza ni kwamba kwetu mezani hakuna kopo la chumvi. Mimi nimekulia Muheza, kwetu ukiomba chumvi wakati watu wameshanawa umemtukana mpishi. Chumvi yote inaingia jikoni, chungu kikiwa motoni. Na hapo ndo niliiona kasoro ya ile karatasi. Kaandikiwa mtu mmoja, mgonjwa, kana kwamba ana sufuria yake na jiko lake. Chungu chetu ni kimoja na kina wenyewe sita. Nikipunguza chumvi sijapunguza yangu, nimewapunguzia wote, na wote wana midomo ya kusema.

Wakasema. Siku ya kwanza nilipunguza nusu nzima kwa mkupuo, kosa kubwa sana hilo, usifanye. Maharage yakawa chapwa, baba watoto akatafuna kijiko cha kwanza akanyamaza, akatafuna cha pili akaniuliza kwa upole kabisa kama kuna mtu kaniudhi. Mtoto wa kati akasema chakula kina ladha ya maji. Binti akajiona kosa ni lake akaomba msamaha. Baadaye ndo nikajua namna, unapunguza robo kijiko, unakaa wiki mbili, unapunguza tena, ulimi unazoea wenyewe bila kelele. Inachukua wiki kadhaa, kwangu ilikuwa kama miezi miwili hivi, halafu siku moja unakula chakula cha shughuli unahisi umelamba bahari.

Sasa nije kwenye chumvi isiyoitwa chumvi maana hapa ndo wengi tunapigwa. Nilipoanza kukagua jikoni kama ninavyokagua stoo mwisho wa mwezi nilikuta vitu vitatu.

Cha kwanza magadi. Sisi maharage tunatia magadi yaive haraka, makande tunatia, mlenda ndo usiseme, kisamvu kilainike. Mkaa ni hela, nani anataka kuchemsha maharage masaa matatu? Lakini kinachopandisha presha kwenye chumvi ni sodiamu, na magadi nayo ni sodiamu hiyo hiyo imevaa nguo nyingine, ndo maana lile ziwa la magadi kule kaskazini likaitwa Natron, jina la kigeni la magadi hayo hayo ya sodiamu. Unaweza ukapika maharage bila chembe ya chumvi, ukajisifu, kumbe umetia kijiko cha magadi. Sa hivi maharage naloweka usiku kucha, asubuhi namwaga maji, yanaiva vizuri tu na tumbo halijai gesi.

Cha pili vile vipande vya kiungo vilivyofungwa kwenye karatasi ya kung'aa, tunatia viwili kwenye pilau, kimoja kwenye mchuzi, halafu na chumvi juu yake. Geuza boksi usome. Vingi karibu nusu ya uzito wake ni chumvi au na zaidi. Kama wameandika sodiamu badala ya chumvi unazidisha mara 2.5 ndo unapata chumvi yenyewe, hii hesabu ishike kichwani maana inakuhusu hata kwenye mkate na siagi ya kopo.

Cha tatu kinaniuma kukitaja. Papa mkavu na ng'onda. Mtu wa Tanga umwambie aache papa wa nazi? Sikuacha. Naloweka maji ya vuguvugu, namwaga, naloweka tena, namwaga, mara tatu mpaka maji yanakuwa hayana ukali, halafu mchuzi wake sitii chumvi kabisa na nala kipande kimoja mara moja kwa wiki mbili. Tui lenyewe nalo lina mafuta yake najua, usinikumbushe.

Ukaguzi ukaisha, nikapanga mpango wangu. Nikasema chungu nitapika na chumvi kidogo sana, halafu nitaweka kijikopo mezani, anayetaka aongeze kwenye sahani yake, hivyo kila mtu anabeba mzigo wake. Kwa hesabu uko sawa kabisa. Sikumhesabu mavyaa.

Mavyaa wangu alikuja kutoka Pangani mwezi wa sita kukaa nasi. Ni mwanamke ninayempenda kwelikweli, na yeye mwenyewe ana presha mwaka wa nane sasa. Siku ya kwanza kaona kile kijikopo mezani, mwanae anachota anyunyize kwenye mchicha, mama wa watu akasimama. "We mwanangu acha! Mkaza mwanangu, ndo nini hiki, unataka kuniulia mtoto kwa chumvi mbichi?"

Chumvi mbichi. Kama umekulia huku unalijua hili neno. Kwamba chumvi iliyopikwa haina neno, mbaya ni ile mbichi ya kunyunyiza. Mavyaa kaambiwa hivyo na majirani, na anasema hata kliniki kwao waliwahi kumwambia "usile chumvi mbichi", na yeye kwa miaka nane ametii, hajagusa chumvi mezani hata mara moja, huku mchuzi wake unakolea mpaka ulimi unakunja. Anatii kabisa masharti na presha haishuki na anashangaa. Nilivyomwelewa roho iliniuma. Hakuwa mkaidi, alikuwa anafuata maneno aliyopewa.

Nikajaribu kumweleza. Nikamwambia mama, chumvi haiivi. Ukichemsha maji yakikauka chumvi si inabaki chini ya sufuria? Kwenu Pangani si wanaanika maji ya bahari juani, maji yanaondoka chumvi inabaki? Moto unafanya hivyo hivyo, unaiyeyusha tu huioni, haiendi popote, unainywa kwenye mchuzi. Akanisikiliza vizuri, akaniuliza, "sasa mbona ikiwa mbichi inauma ulimi na ikipikwa haiumi?" Nikasema kwa sababu imetawanyika. Akasema sawa mwanangu. Ile sawa ya wazee, unaijua, maana yake ongea tu.

Alikuja pia na mfuko wa chumvi ya mawe, zawadi. Kwamba hiyo ni ya asili, haina madhara kama hizi za viwandani. Nikapokea kwa mikono miwili, ndo heshima. Lakini ukweli ni chumvi ile ile, sodiamu ile ile gramu kwa gramu, tofauti ni kwamba ya pakiti imetiwa madini joto na ile ya kuanikwa ufukweni mara nyingi haina, na madini joto tunayahitaji hasa wajawazito na watoto. Wanasema mtu mzee amekula chumvi nyingi, mavyaa nikimwangalia naona msemo umetimia pande zote mbili.

Upande wa kula sasa, maana karatasi haikusema punguza tu. Ukiingia YouTube kutafuta mlo wa presha utaoneshwa samaki wa salmon, brokoli, lozi, shayiri za kopo, unafunga simu unasema huu ugonjwa ni wa watu wenye hela. Mpango wenyewe unaotajwa sana unaitwa DASH, Wamarekani waliujaribu wakatoa matokeo mwaka 1997, waliwalisha watu kwa wiki nane matunda mengi, mboga, maziwa yasiyo na mafuta mengi, nafaka zisizokobolewa, karanga na maharage, nyama nyekundu kidogo na sukari kidogo, na waliokuwa na presha ya juu ile namba kubwa ikashuka kwa 11 hivi ukilinganisha na waliokula chakula cha kawaida cha kule. Na chumvi hawakuipunguza kwenye jaribio lile! Mwaka 2001 wakatoa la pili, humo ndo wakapunguza na chumvi, ikashuka zaidi.

Nilivyosoma orodha yao nikaona mbona hiki ni chakula cha bibi yangu. Matembele, mchicha, kisamvu, kunde, viazi vitamu, ndizi za kuchemsha, mapapai yanaanguka yenyewe, machungwa ya Muheza ambayo tulikuwa tunayatupiana. Ndani ya hivyo kuna potasiamu ambayo inasaidia mwili kutoa sodiamu kwenye mkojo na mishipa kulegea. Kuna utafiti ulifanyika Kenya ukachapishwa mwaka 1990, waliwafuata Waluo waliokuwa wanatoka vijijini magharibi kwenda kuishi Nairobi, wakawapima. Waliohamia mjini presha zao zilikuwa zimepanda kuliko za wenzao waliobaki kijijini, na kwenye mkojo wao sodiamu ilikuwa juu, potasiamu chini, na uzito nao juu. Ilikuwa miezi tu, haikuwa miaka ishirini! Nikajiona mimi mwenyewe, nilishuka Ubungo na begi moja, mwezi wa kwanza tu nikawa nakula chipsi mayai jioni kwa sababu ndo chakula cha mtu aliyefika mjini.

Kwa hiyo fungu la matembele la mia tano ndo brokoli yangu. Tahadhari moja lakini, na hii siyo utani: kama figo zako zina shida, au unatumia dawa kama losartan au spironolactone, usijirundikie potasiamu wala kununua zile chumvi mbadala za madukani bila kuongea na daktari wako, potasiamu ikizidi kwenye damu inasumbua moyo. Na dawa usiache eti kwa sababu umeanza kula mchicha. Juisi ya rozela nakunywa, inashusha kidogo, kitunguu saumu natia kila mahali, ila kidonge kiko pale pale saa mbili usiku.

Ladha ukitoa chumvi unaweka nini? Ndimu. Kama kuna kitu kimoja utakibeba humu kibebe hiki, ndimu ikamuliwe mwishoni kabisa chungu kikiwa kimeshatoka motoni, ulimi unadanganyika. Ukwaju kwenye mchuzi wa samaki. Tangawizi, giligilani, pilipili manga iliyosagwa siku hiyo hiyo. Kwenye nyama nakaanga kitunguu mpaka kiwe kahawia kabisa, hapo hata baba watoto haulizi.

Nje ya nyumba bado nashindwa, niseme ukweli. Mama lishe wangu pale karibu na duka ni mtu mwema, anapika chungu cha watu arobaini, siwezi kumwambia apike chungu cha presha. Nimemwomba mchuzi anitilie kijiko kimoja badala ya kumwagia sahani nzima, na mchicha aongeze, basi. Muuza chipsi ndo hana dawa. Unamwambia mapema kabisa kaka yangu usitie chumvi, anasema poa, anageuka kwenye kabati la vioo ambamo chipsi zote zimeshanyunyiziwa tangu saa kumi, anakupimia humo humo, halafu anakuonesha kwamba kopo hakuligusa. Na kweli hakuligusa.

Mwezi mtukufu ulikuwa rahisi kuliko nilivyoogopa. Daktari alinipangia kidonge niwe nakula baada ya futari, tende tatu na maji kwanza, mihogo na magimbi ya nazi nimepika mwenyewe. Shida ilikuwa sambusa za majirani, huwezi kurudisha sahani ya jirani.

Mwaka umepita. Kipimo cha mwisho 134 kwa 84. Kilo 6 zimepungua. Ni dawa, ni chakula, ni kutembea kwa miguu mpaka kituoni, siwezi kuvitenganisha na wala sijali, mzigo umeshushwa. Pakiti ya nusu kilo ya mwezi uliopita ilikwenda siku 20 kamili, gramu 4 na kidogo kwa kichwa, na baba watoto alishaacha kugusa kile kijikopo bila mtu kumwambia. Nikawa najisikia kama nimefunga mahesabu ya mwaka bila upungufu.

Mavyaa karudi tena mwezi huu. Pakiti nimeifungua tarehe 1, nimeandika tarehe. Tuko saba, nikapiga hesabu kwa kiwango chetu inatakiwa iende siku 17. Siku ya 11 imeisha. Upungufu karibu gramu 180.

Nikamuuliza binti, anaangalia chini. Watoto wanasema maharage ya bibi siku hizi ni matamu. Nikamkuta mavyaa uani anachambua mchicha, nikamkalia pembeni, nikamwambia mama, chumvi imeisha kabla ya siku zake, sijui imekuwaje. Hakuinua hata macho.

"Panya," akasema.

Jioni nikampima kwa mashine yangu, kakaa dakika tano kimya, mkono mezani, miguu chini. 158 kwa 92. Nikamwonesha namba. Akaiangalia muda mrefu, akaniuliza, "hii iko na ile ya kwenye mchuzi?" Nikamwambia ndiyo mama, iko na ile ya kwenye mchuzi. Akanyamaza. Usiku nikatoa daftari nikaandika upungufu, gramu 180, na pale kwenye sababu nikaandika panya.